Mbwa wa Zamu na Asali ya Miwa

Juzi kijana mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi alinipigia simu akihema kama aliyefukuzwa na nyati. Mgeni wake wa Kizungu alikuwa ameondoka na kusahau mezani chupa ya sirapu ya mepo, ule utomvu wa mti wa nchi za baridi unaochemshwa hadi uwe mzito kama asali. Mbwa wa kijana akaiangusha chupa, kifuniko kikafunguka, akailamba yote.

"Shikamoo bibi. Mbwa wangu atakufa?"

"Marahaba. Ametafuna chupa au amelamba tu?"

"Amelamba tu."

"Nisomee kibandiko."

Akasoma. Ndani hamkuwa na kingine ila utomvu wa mepo. Nikamwambia amwekee maji mengi ya kunywa, amfunge nje kwa sababu ataharisha, na chakula kinachofuata kiwe chepesi.

"Basi?" akauliza, kama mtu aliyedhulumiwa. Alitaka sindano. Watu wanapenda sana sindano.

"Basi," nikamjibu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mifugo, mliotoka chuoni juzi na buti ambazo bado zinang'aa. Swali la kijana yule si jipya. Niliulizwa zamani, enzi za vijiji vya ujamaa, wakati nami nilikuwa na buti zinazong'aa, na siku hiyo halikuwa swali la mbwa peke yake. Kulikuwa na mama mmoja ambaye riziki yake na mahali pake pa kuishi vilitegemea jibu.

Jibu lenyewe nalitoa mapema, msije mkachoka kabla ya kulifikia. Utamu wa mti au wa muwa si sumu kwa mbwa. Kijiko kimoja hakimdhuru mbwa mzima mwenye afya, ila hakimfaidii chochote pia. Ukimzoesha atanenepa na meno yataharibika. Akipata mwingi kwa mara moja ataharisha, pengine atapika, na wapo ambao kongosho lao huvimba, hapo mpelekeni kwa daktari. Mbwa mwenye kisukari msimpe hata tone. Lakini hizi sirapu za siku hizi zinazojisifu kuwa hazina sukari, hizo ziogopeni. Mkiona neno xylitol kwenye kibandiko, mbwa asilambe hata kifuniko. Akishalamba, msisubiri aanze kuyumba na kutetemeka. Mbebeni saa hiyo hiyo. Hiyo inaua.

Haya. Sasa niambieni: nani aliwaambia kwamba sukari inapofusha mbwa?

Najua, kila mtu aliwaambia. Hata mimi niliambiwa na kila mtu. Na ugonjwa wangu tangu utoto ni kwamba jambo likisemwa na kila mtu, hapo ndipo usingizi wangu unapokatika.

Nilipomaliza chuo kikuu nilipangiwa wilaya ya Kilosa. Waliniita Bwana Mifugo ingawa nilivaa gauni, kwa sababu cheo kilikuja kabla yangu na hakuna aliyeona sababu ya kukirekebisha. Vikongwe wa kijijini walinisalimia, "Karibu Bwana Mifugo, mwanangu," bila kucheka. Nikazoea.

Aliyenifundisha kazi hakuwa profesa wala msimamizi wa wilaya. Alikuwa msaidizi wangu, Mzee Mkude, Mluguru mwembamba aliyeanza kuogesha ng'ombe majoshoni kabla ya Uhuru. Alikuwa na baiskeli nzito, na nyuma yake alifunga sanduku la hadubini lililojazwa pamba mbichi lisigongwe na mawe. Pamba hiyo aliibadilisha kila msimu, na sikuwahi kujua aliitoa kwa nani.

"Ukienda kwa mtu mwenye mbwa mkali," aliniambia, "usimtazame mbwa. Msalimie mwenyewe, salamu ndefu. Ulizia watoto, ulizia mvua, ulizia shamba. Mbwa anasikiliza. Akisikia mwenyewe amelegeza sauti, naye analegea."

Nikadhani ni adabu tu aliyoivalisha joho la utaalamu. Kwa kuwa sijawahi kuamini nisichokijaribu, siku moja nilipita mbele yake, nikaingia uani kwa mtu na kusema "hodi" moja kavu, kisha moja kwa moja kwa mbwa. Kovu liko kwenye shavu la mguu wa kushoto. Mzee Mkude alinifunga kitambaa akisema, "Umeshathibitisha? Au tujaribu na mguu wa kulia?"

Ndivyo tulivyoishi. Mimi nikiuliza kwa nini, yeye akilalamika. "Wewe ukifa utamwuliza malaika kwa nini ana mabawa." Lakini alikuwa fundi. Kufunga mdomo wa mbwa kwa ukanda wa kanga, fundo juu, fundo chini, kisha nyuma ya masikio, nilijifunza kwake. Kukisia uzito wa ng'ombe kwa kamba kifuani, kwake. Kutoa tone la damu kwenye ncha ya sikio ili mnyama asijue kilichotokea, kwake pia. Hakuna hata moja la haya lililokuwemo kwenye vitabu vyangu, na vitabu vyangu vilikuwa vingi.

Kijiji ninachowaambia kilikuwa upande wa Ruaha, miwa mbele, milima ya Vidunda nyuma. Watu walikuwa wamehamia pamoja kutoka kila kona: wenyeji wa bondeni, wachache walioteremka milimani, na watoto wa vibarua waliokuja zamani kufanya kazi kwenye mkonge na reli. Shamba la mahindi la ujamaa lilikuwa mbali na nyumba, limepakana na pori, na pori lile linaendelea hadi kwenye wanyama wa Mikumi. Mahindi yakianza kubeba, mchana wanakuja nyani, jioni wanakuja nguruwe pori. Bila mbwa hakuna mavuno.

Basi kijiji kikawapangia mbwa zamu, kama watu. Na kwa kuwa ilikuwa enzi ya kusema asiyefanya kazi asile, kikao kiliamua kwamba mbwa anayekwenda zamu atapewa posho. Asiyekwenda, mwenyewe atajua la kufanya. Msicheke. Mimi pia nilicheka nilipoambiwa, lakini uamuzi ulikuwa wa haki, na mbwa waliuheshimu kuliko watu wengine.

Posho hiyo ilitoka kwa Mama Sikujua. Alikuwa mjane, baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, naye alizaliwa kambini na hakuwahi kuiona Songea. Alikamua miwa kwa kinu cha miti alichotengeneza marehemu mumewe, akachemsha maji yake kwenye karai kubwa hadi yakawa asali nzito, nyeusi. Sukari ya dukani ilikuwa adimu miaka hiyo, kwa hiyo chai ya kijiji kizima ilipita kwenye karai lile. Povu aliloliengua na masalia ya chini ya karai aliyachanganya na pumba za mahindi, yakabebwa shambani. Hayo yaliitwa makapi, na mbwa waliyapenda kiasi cha kupanga mstari.

Halafu mbwa wakaanza kukonda. Wanakula lakini wanakonda. Ufizi ukawa mweupe kama karatasi. Kisha macho yakafanya ukungu wa bluu, kama maziwa yaliyoingiwa na maji. Wengine wakafa. Watu walipohesabu walikuta wote walioumwa ni mbwa wa zamu, wote waliokuwa wakila makapi ya Mama Sikujua. Mbwa waliobaki nyumbani, wasiopewa posho, hawakuwa na lolote. Ushahidi gani tena mnautaka?

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mlawa, alituma mtu Kilosa kuniita. Ujumbe wake haukuwa njoo uchunguze. Ulikuwa njoo uthibitishe.

Tulimkuta kwenye ofisi yake ya udongo, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba maji.

"Kesho asubuhi kuna mkutano mbele ya ghala," alisema baada ya salamu. "Nitakupa nafasi, wewe mtaalamu useme mbele ya watu kwamba sukari imepofusha mbwa wetu. Halafu karai linavunjwa, na yule mama tunamshauri arudi kwa ndugu zake."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Songea."

"Amewahi kufika Songea?"

"Hilo si la mifugo, Bwana Mifugo."

Mzee Mkude akanikanyaga mguu chini ya meza. Tulipotoka nje alisema, "Binti, kwa hili Mwenyekiti hajakosea. Sukari na macho ya mbwa, hilo linajulikana. Babu yangu alijua."

"Babu yako alimpa mbwa sukari?"

"Sukari aitoe wapi?"

"Basi alijuaje?"

Akapanda baiskeli yake, ingawa tulikuwa tunakwenda nyumba ya tatu tu.

Mama Sikujua alikuwa ameketi kando ya karai lililopoa. Hakulia. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imejaa alama za kuungua, na alitusalimia kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake moyoni.

"Mmekuja kulivunja leo?"

"Tumekuja kuuliza, mama. Wewe unaweka nini zaidi ya miwa?"

"Moto," alisema. "Na chokaa kidogo ya kuvuta uchafu uje juu, nao nauengua. Asali hiyo hiyo nakunywa mimi. Anakunywa Mwenyekiti. Mbona sisi tunaona?"

Ndipo jiwe kubwa la rangi ya kahawia lililokuwa nyuma ya karai likainuka, likajinyoosha, likapiga mwayo. Alikuwa mbwa. Sikuwahi kuona mbwa mnene namna ile wilaya nzima.

"Huyu nani?"

"Mtasema."

Nyinyi wa mjini hamjui, lakini kule mbwa hupewa jina ili majirani walisikie kila anapoitwa. Nimetibu Hamnijui, nimetibu Yana Mwisho, nimetibu Niacheni. Mtasema alikuwa jibu la Mama Sikujua kwa wale waliomsengenya alipofiwa na mume na kukataa kuolewa tena.

"Mtasema anakula makapi?"

"Makapi? Huyu analamba karai lenyewe kabla sijaliosha, kila siku. Usimwambie mtu. Hajawahi kwenda zamu hata siku moja. Wanamwita mnyonyaji."

Nikapiga magoti, nikafungua kope za Mtasema kwa vidole. Macho yalikuwa meusi, safi, yananiona vizuri na kunishangaa. Ufizi mwekundu. Tumbo, hilo lilikuwa tatizo lingine.

"Mzee Mkude," nikasema, "mbwa huyu amekula utamu kuliko wote. Mbona haoni giza?"

"Bahati," akasema Mzee Mkude. Lakini alikuwa ameinama, naye anatazama.

Nawaomba mpakumbuke hapa. Ningeweza kuishia pale, nikatangaza ushindi. Lakini alichosema Mzee kilikuwa kweli: mnyama mmoja anaweza kuwa bahati tu. Ukiwa mtu wa kuwatilia shaka wengine na hujitilii shaka mwenyewe, wewe ni mbishi tu.

Tukaenda shambani. Vibanda vya zamu vilikuwa vimejengwa mahali pazuri, penye kivuli kizito, ubavuni kabisa mwa pori. Mbwa wagonjwa walilala humo. Tulikuwa bado tunasalimiana na mlinzi, mzee mmoja mcheshi aitwaye Babu Kihiyo, nilipochomwa mgongoni kama kwa sindano ya moto, juu ya gauni na yote. Mzee Mkude alijipiga shingoni, akafungua kiganja. Nzi wa kijivu, mabawa yamelaliana kama makali ya mkasi.

"Mbung'o," alisema taratibu.

"Wapo wengi hivi siku zote?"

"Hapa?" Babu Kihiyo akacheka. "Hapa ndipo kwao. Sisi ndio wageni."

Tuliweka meza ya Babu Kihiyo juani, kioo cha chini cha hadubini kikaelekezwa jua, maana umeme haukuwepo hata kwa ndoto. Mzee Mkude alitoa tone la damu kwenye sikio la mbwa mmoja mwenye macho ya maziwa. Mbwa hakutikisa hata mkia. Nikainama. Katikati ya chembe za damu vilikuwepo, vinajinyonga na kujipinda kama vijisamaki vyembamba vilivyonaswa kwenye dimbwi, vinasukuma chembe huku na huku. Vijidudu vya nagana, malale ya wanyama, vile vile vinavyoangusha ng'ombe wanaopitishwa pori lile. Mbung'o anavitoa kwa nyati na pofu, yule mnyama mkubwa jamii ya swala, anavipandikiza kwa mbwa, na mbwa vikimwingia sana vinamfanyia ukungu machoni.

Nilimpisha Mzee Mkude. Alitazama muda mrefu hadi jua likahama na ikabidi tugeuze kioo.

"Maisha yangu yote nimewaona hawa kwa ng'ombe," alisema. "Kwa mbwa sikuwahi kuangalia."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyewahi kunituma niangalie mbwa." Kisha akafuta jasho, akafanya jambo lililonishangaza kuliko vijidudu vile. Aliuliza. "Lakini mkutano utasema hivi: mbung'o wamekondesha mbwa, sukari imewapofusha. Viwili pamoja. Utawajibu nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi siku ile. Tukaketi kivulini, tukaumwa na nzi, tukafikiri. Tulikuwa na mbwa aliyekula utamu bila kwenda porini. Tulichokosa ni mbwa aliyekwenda porini bila kula utamu.

"Babu Kihiyo," nikauliza, "kuna mbwa wa zamu asiyekula makapi?"

"Nani akatae vitamu? Labda Kazi, mbwa wa Mwenyekiti. Huyo chakula chake kilitoka nyumbani kwa Mwenyekiti, ugali na utumbo. Mwenyekiti alisema mbwa wake hali makapi. Kwa kamba yake tulimfunga pale, mbali na wenzake, ili asionje."

"Yuko wapi?"

"Haji siku hizi. Tuliambiwa amepelekwa kwa shemeji, kule Kidodi. Mbwa mzima, anaenda kusalimia shemeji!"

Asubuhi watu walijaa mbele ya ghala. Mwenyekiti alianza na salamu za kazi, watu wakaitikia, kisha akasimulia msiba wa mbwa kwa ufasaha hadi baadhi ya kina mama wakafuta macho. Mama Sikujua alikuwa amesimamishwa peke yake upande mmoja, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari. Karai lake lilikuwa limeletwa, na pembeni kijana wa mgambo ameshika shoka.

"Sasa mtaalamu atathibitisha," akasema Mwenyekiti.

Nikasimama. Nikawasalimia wazee shikamoo, salamu ndefu, nikaulizia mvua na shamba. Mzee Mkude aliguna kwa kuridhika.

"Ndugu zangu, nina maswali mawili. Mama Sikujua, tuletee Mtasema."

Vicheko vikalipuka. "Mnyonyaji huyo!" "Kupe!" "Mfungulieni njia, tumbo linapita!" Mtasema alikuja akibingirika, akajilaza katikati ya mkutano kama mgeni rasmi. Nikawaita wazee watatu wamtazame macho. Walimtazama.

"Safi," akasema mmoja, bila kupenda.

"Huyu amekula asali ya miwa kuliko mbwa wote wa kijiji. Amewahi kwenda zamu?"

"Lini!" umati ukajibu.

"Mbwa mmoja ni bahati," Mwenyekiti akakata. "Msitupotezee muda."

"Kweli kabisa, Mwenyekiti. Hata mimi ningesema hivyo. Ndiyo maana naomba mbwa wa pili. Awe amekwenda zamu, lakini hajaonja makapi maishani mwake."

Babu Kihiyo akaanza kukohoa kikohozi kisicho na mafua. Kisha sauti ikatoka upande wa wanawake, sauti ya mke wa Mwenyekiti.

"Yupo nyuma ya banda la kuku. Nimechoka kumpelekea maji kwa siri."

"Mama Hadija!" Mwenyekiti akaita.

"Abee. Si nimesema yupo?"

Kijana wa mgambo aliweka shoka chini, akaenda. Akarudi anamvuta mbwa mkubwa mweusi kwa kamba. Kazi alikuwa mbavu tupu. Alijigonga kwenye mguu wa meza, akasimama, akageuza kichwa huku na huku akinusa, na macho yake yote mawili yalikuwa maziwa.

Nilimgeukia Mwenyekiti. Nataka mjue kwamba pale kila kitu kilikuwa mikononi mwake. Angeweza kusema mbwa wake aliiba makapi siku moja, na nani angembishia? Mama Sikujua angeondoka jioni ile.

"Mwenyekiti, mbele ya watu hawa. Kazi aliwahi kuonja asali ya Mama Sikujua?"

Alimtazama mbwa wake. Alitazama karai. Sauti yake ya kuhutubia ilikuwa imemwishia, na ile iliyobaki ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Hapana," alisema. "Hata tone."

Baada ya hapo ilibaki kazi. Nilieleza habari ya mbung'o, na yeyote aliyetaka akaja kuchungulia kwenye hadubini, foleni ikazunguka ghala. Mzee mmoja alichungulia, akainuka, akasema haoni kitu ila anaamini. Nikamrudisha. Nikamwambia asiamini, aone. Akaona, akapiga kelele.

Kwa faida yenu wa kazi: vibanda vya zamu tulivihamisha katikati ya shamba penye jua, tukafyeka kivuli cha ukingoni, na mbwa wakawa wanapimwa damu kila msimu. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya ng'ombe, ya unga wa manjano unaoyeyushwa kwa maji na kupigwa sindano. Kwa mbwa kipimo chake ni kidogo mno, ukizidisha unamharibu mishipa ya fahamu na kumwua. Kwa hiyo hatukukisia kwa jicho. Kila mbwa tulimtia kwenye gunia, tukamtundika kwenye mzani wa pamba wa ghala, kichwa nje, anatukana kwa lugha yake. Wengi walipona. Kwa wengine tulichelewa, wakafa, na wengine walipona mwili lakini jicho moja halikurudi. Sitaki niwadanganye kwamba kila kinachoeleweka kinatibika.

Kuhusu makapi, nilishauri yapunguzwe, pumba zichanganywe na dagaa, kwa sababu utamu si chakula cha mbwa afanyaye kazi. Kikao kilikubali. Mtasema alipunguziwa pia, na hakunisamehe.

Wa kwanza kutibiwa, siku ile ile ya mkutano, alikuwa Kazi. Mwenyekiti alimshika mwenyewe. Mbwa alikuwa haoni na aliogopa kila mkono, akang'ata ukanda wa kanga wa Mzee Mkude, akaukata. Mzee akafunga wa pili, nao ukakatwa.

"Huyu mdomo haufungiki," alisema akihema. "Labda tusubiri achoke."

Mama Sikujua alikuwa ameshachukua karai lake na kwenda nalo. Sasa akarudi katikati ya watu ameshika upawa, unatiririka asali nyeusi. Akasimama mbele ya Mwenyekiti.

"Nimpe?"

Mwenyekiti akajibu chini chini. "Mpe."

"Sema kwa sauti, kuna waliokaa mbali."

"Mpe asali, Mama Sikujua!"

Kijiji kikacheka kwa kishindo, naye mwenyewe akacheka, jasho linamtoka. Mama akasogeza upawa puani mwa mbwa. Kazi akanusa, akasita, kisha ulimi ukatoka. Alilamba kama kiumbe aliyegundua kwamba maisha yake yote alikuwa amefichwa jambo. Nikaingiza sindano kwenye paja, nikasukuma polepole, nikaitoa, nikasugua.

"Vipi, huchomi?" Mwenyekiti akauliza, amefumba macho.

"Nimeshamaliza, Mwenyekiti."

Mbwa bado analamba. Nyuma yake wengine walikuwa wameshikwa kamba, wanavuta kuelekea harufu. Mama Sikujua aliangalia ule mstari, akamwekea Mwenyekiti upawa mkononi.

"Endelea nao wewe," alimwambia. "Mimi nimeshabandika karai."